Mama wa Ubatizo na Upepo wa Nane

Upepo ulimdanganya Sevasti, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angedanganywa na mwanamume, sawa, yamewapata wengi. Lakini upepo! Mwanamke aliyezaliwa hapa kisiwani Karpathos, anayekula kwa upepo, anayewafundisha Wajerumani na Waholanzi kuteleza juu ya maji wamening'inia kwenye tiara, leo upepo umemchezea shere kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

Mambo yalikuwa hivi. Meltemi, upepo wa kaskazini-magharibi unaotupiga kiangazi kizima, una tabia yake, au ndivyo tunavyojidanganya huku kwetu: ukianza kwa hasira hupuliza siku tatu, halafu hupumzika. Kila mtu kisiwani anaamini hivyo, hata kina bibi wanaoanika nguo. Ulianza Jumatano. Sevasti akahesabu kwenye vidole, akaona Jumamosi bahari itakuwa imelala, atapanda feri ya asubuhi kwenda kisiwa jirani cha Kasos, na kabla ya saa tano atakuwa kanisani, mama wa ubatizo, amembeba mtoto wa shoga yake Fotini. Fotini alimpigia simu mapema wiki ile akamsihi aje Alhamisi, au hata Ijumaa. Sevasti akacheka. Alisema ghuba imejaa wanafunzi, upepo mzuri namna hii hauji kila wiki, na yeye anaujua meltemi tangu hajaota meno. Mtu akishaanza kusema hivyo, mjue ameshapotea.

Jumamosi alfajiri aliamshwa na milango ya bati ya banda la tiara ikigongana. Akajua kabla hajafumbua macho. Alitoka na gauni la kulalia, akautazama mlango wa bahari ulioko kati yetu na Kasos, akaona weupe mtupu, mawimbi yamevunjika kila mahali. Huku hatuusifii upepo kwa maneno, tunautaja kwa namba, na ile ilikuwa nane, labda na kitu juu yake. Ikifika nane bandari hufungwa. Feri ilikuwa imefungwa kamba bandarini kwetu Pigadia na haikuwa na nia ya kuondoka. Hata ile ndege ndogo ya kwenda Kasos, inayopaa na kutua kabla hujamaliza kumenya chungwa, ilikuwa imefutwa.

Simu ikalia. Alikuwa Fotini, na hakuwa akilia, jambo lililomtisha Sevasti zaidi. Kwa sauti ndogo alisema kwamba mama mkwe wake ameshavaa. Ameshavaa gauni la hariri nyeusi, amejipamba dhahabu zake zote, na anawatangazia wageni kuwa mama wa ubatizo asipofika, yeye mwenyewe atasimama mahali pake na kumshika mtoto.

Hapo ndipo penye kisa chote. Katika visiwa vyetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa mama yake. Nyumba hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na jina hufuata nyumba. Mama yake Fotini aliitwa Kaliopi, na alifariki majira ya baridi yaliyopita, Fotini akiwa na tumbo la miezi saba. Sasa huyu mama mkwe, Stamatia, si wa huku. Ni Mkrete aliyeolewa Kasos akiwa msichana, na mpaka leo anaapa kwa milima ya kwao. Kwao mtoto wa kwanza ni wa upande wa baba, jina na kila kitu. Tangu mtoto atoke hospitalini, bibi huyu alikuwa akimbembeleza kwa kumwita "Stamatia wangu mdogo," bila kumuuliza mtu. Na Markos, mume wa Fotini? Markos ni fundi wa injini za meli kubwa, anaweza kuifufua injini katikati ya bahari ya Pasifiki, lakini mama yake na mkewe wakianza kutazamana vibaya, yeye hukumbuka kwamba mbuzi hawajapewa maji.

Tena jina halitolewi kwa kura. Padri huuliza mara moja mbele ya birika la ubatizo, na anayejibu ni yule aliyesimama kama mzazi wa ubatizo, hakuna mwingine. Si baba, si bibi. Mama wa mtoto hata ndani hayumo. Kasos bado wanashika ile desturi ya zamani ya kumkalisha mama nje, kwenye benchi la ukuta wa kanisa, mpaka jina litamkwe na atoke mtu kumletea. Likishatamkwa limetamkwa, hata askofu halifuti. Kwa hiyo kinywa pekee cha Fotini siku ile kilikuwa kinywa cha Sevasti, na kinywa chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bahari kimevaa gauni la kulalia.

Sevasti naye alikuwa na lake kwa marehemu. Mama yake mzazi alifanya kazi katika jiko la hoteli, msimu mzima akirudi nyumbani usiku, na aliyemlisha Sevasti miaka yote hiyo ni Kaliopi, jirani yao hapa Karpathos kabla Fotini hajaolewa Kasos. Aliwaweka watoto wawili kwenye meza moja, Fotini huku na Sevasti kule, sahani za makarune, tambi za kwetu za kukunja kwa mkono, zimejaa vitunguu vya kukaangwa, na hakuwahi kupima nani kapewa zaidi. Alipokuwa mgonjwa hakuomba kitu, hakuwa mtu wa kuomba. Alilishika tumbo la Fotini akasema tu kwamba wakimpa mtoto jina lake, walitamke zima, kwa maana hakuvumilia maisha yote kuitwa Popi ili mjukuu naye aitwe Popi. Walicheka wote watatu, kisha wakalia. Siku chache baadaye wakamzika.

"Waambie waahirishe," Sevasti alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, maana mwalimu wa tiara hufundisha kwa kupiga kelele, na wiki nzima alikuwa akizishindanisha kelele zake na meltemi.

Fotini alisema ameshaomba. Mama mkwe amemjibu kwamba mbuzi wako kwenye tanuri, dolma za majani ya mzabibu zimekunjwa na wanawake wa mtaa mzima, wageni wametoka mpaka Amerika, na alasiri padri anakwenda kufungisha ndoa kijiji cha juu. Ubatizo hauahirishwi, amesema, kwa sababu ya mtu mzima anayecheza na mashuka baharini.

Maneno hayo yalimwingia Sevasti mwilini kama sindano. Alitazama tena ule weupe wa baharini, akahesabu, na safari hii hakuhesabu kwa vidole.

"Mwambie padri asome polepole," alisema, akakata simu.

Kaka yake, Minas, ambaye ndiye mwenye shule ya tiara na banda na madeni yake, alimkuta akiitoa tiara ndogo kuliko zote, ya mita tano, ambayo huwa hatuigusi ila siku ambazo wenye akili wako nyumbani. Kando yake alikuwa ameweka ule mfuko usioingia maji, ambao wanafunzi huwekea simu zao. Ndani yake aliingiza nguo nyeupe za mtoto, msalaba wa dhahabu na chupa ya mafuta ya zeituni aliyoifunga kwa taulo. Mshumaa wa ubatizo, mrefu wenye utepe wa hariri, haukuingia, akauacha. Gauni lake jipya la zambarau nalo aliliacha likining'inia.

Minas alielewa mara moja, akasimama mlangoni akauziba.

"Ni nane, Sevasti."

"Naona."

"Hujaona. Ukiikosa Kasos, kituo kinachofuata ni Misri."

"Misri wamejaa watu wa Kasos tangu enzi za kuchimba mfereji. Sitakosa pa kulala."

Minas hakucheka. Alimwambia kwa ukali kwamba boti ya uokoaji haiwezi kumfuata, kwanza ni marufuku, pili mawimbi yale yangeipindua kabla haijafika katikati. Akamwambia kwamba yeye ndiye kila siku anawafukuza wanafunzi majini upepo ukizidi sita. Akamuuliza kama anataka mama yao azike mtoto kwa ajili ya jina la mtoto wa watu. Sevasti alimwacha amalize yote. Halafu akasema, taratibu, kwamba Kaliopi hakuwa mtu wa watu. Minas naye alikuwa amekula makarune zile zile. Alisonya, akaichukua tiara mkononi mwake, akaanza kuikagua mshono kwa mshono.

Hawakuondokea kwenye ghuba yao. Mgeni angeondokea pale, kwa sababu maji ya ghuba ya Afiarti ni tambarare hata upepo ukiwa mkali, yanavutia macho. Lakini pale upepo hutoka nchi kavu ukaenda baharini, umekatwakatwa na vilima, mara unakuvuta mara unakuacha, na ukiishiwa nguvu unasukumwa nje hivi hivi. Minas aliendesha gari hadi ufuo wa magharibi, ambako upepo unakuja safi kutoka bahari kuu na kukupita ubavuni. Kutoka hapo mtu anaweza kuukata mlango wa bahari kwa mshazari. Lakini lazima auelekee upepo kidogo muda wote na asikubali kushuka hata kidogo, kwa sababu kila wimbi linataka kumshusha kusini. Ni hesabu rahisi ukiwa umekaa mkahawani.

Minas aliishika tiara ikitetemeka mikononi mwake, na kabla hajaiachia alimwambia kwamba atapanda kilima cha karibu na uwanja wa ndege na darubini. Tiara ikianguka na isiinuke, atawaita waokoaji, na hatajali nani atafungwa. Sevasti akaitikia kwa kichwa. Minas akaachia, tiara ikaruka juu kwa kishindo, na Sevasti akanyanyuliwa kutoka mchangani kabla hajauweka mguu wa pili kwenye ubao. Dada yake huyo akaondoka. Minas hakusubiri kumwona akigeuka nukta baharini, alikimbilia gari.

Mwanzoni ilikuwa raha, na tusifichane. Ubao uligonga juu ya mawimbi, maji yakampiga usoni, tiara ya rangi ya chungwa ikasimama imara pale alipoitaka, na Sevasti akajikuta anaimba kwa ile sauti yake iliyokwaruza. Akaona milima ya Kasos mbele yake ikiwa ya kijivu na mikavu. Alikuwa mwenye nguvu, alikuwa anaijua kazi yake, na kwa muda mfupi alimsahau hata Stamatia. Magoti yakawa laini, kiuno kikabeba mzigo, mikono ikapumzika kwenye mpini, kila kitu jinsi anavyowafundisha wengine.

Katikati mambo yalibadilika. Pale upepo unabanwa kati ya milima ya visiwa viwili, unatoka na nguvu ambayo haimo kwenye namba yoyote. Mawimbi nayo hayaji kwa mstari, yanakuja kutoka pande mbili yanagongana. Sevasti aliliona moja likisimama mbele yake, akaamua kuliruka, na upepo ukamkamata akiwa hewani. Alipaa juu kuliko alivyotaka. Alipotua, hakutua juu ya ubao. Alipigwa na maji ubavuni, akanywa chumvi ya kutosha kupika sufuria ya harusi, na alipotoa kichwa juu, tiara ilikuwa bado inavuta, mfuko ulikuwa bado mgongoni, lakini ubao haukuwepo.

Hapo aliogopa. Aliogopa sana. Kwenye mkanda wake kulikuwa na kile kifundo chekundu cha usalama. Akikivuta, tiara ingekufa, angeelea, Minas angeona, waokoaji wangekuja, na angekuwa hai jioni ile akiwa amefunikwa blanketi. Mkono wake uligusa kifundo. Wakati huo huo, sijui ni nini kichwani mwake, alimwona Stamatia na gauni lake la hariri akipokea pongezi. Akauondoa mkono.

Ubao ulikuwa upande unaotoka upepo, unaonekana na kupotea. Huwezi kuogelea kuuendea, upepo haukuruhusu. Unailaza tiara chini karibu na maji, unanyoosha mkono mmoja mbele kama usukani, unauacha mwili ukokotwe kwa mshazari, kisha unageuka na kukokotwa upande wa pili, kidogo kidogo, huku unanywa maji. Ni kazi ya kuchosha hata siku ya utulivu. Sevasti alikokotwa kwenda na kurudi, akiutukana meltemi kwa sauti, ukoo wake wote na aliyeuzaa, mpaka koo likawaka moto. Mfuko ulimrudisha nyuma, akafikiria kuutupa, akakumbuka una nini, akautukana nao. Hatimaye vidole viligusa ubao. Aliushika kama mtu aliyemkamata kuku mtoro, akaingiza miguu, akasimama.

Alipotazama mbele moyo ulishuka. Wakati wote ule wa kuutafuta ubao mawimbi yalikuwa yakifanya kazi yao. Ncha ya mashariki ya Kasos, ambayo ilipaswa kuwa mkono wake wa kushoto, sasa ilikuwa mbele yake moja kwa moja, na baada ya ncha hiyo hakukuwa na kitu ila bahari. Ilibidi apande juu, akiukabili upepo kuliko mwili unavyopenda. Aliukanyaga ubao kwa visigino, akalala nyuma mpaka nywele zikaburura majini, akaikaza tiara. Mapaja yalianza kutetemeka. Hakuimba tena, alimwita Kaliopi, kwa sauti ambayo ilikuwa imebaki kipande tu. Kila akitazama, ncha ile ilikuwa pale pale. Halafu mara moja alipotazama, ilikuwa imesogea kushoto. Alilia kwa furaha akiwa amelala vile vile mgongoni juu ya maji.

Kuanzia hapo njia ilikuwa nyepesi. Bandari ndogo ya Emborio ilifunguka mbele yake, kanisa jeupe juu ya ukuta wa mawe, na wanaume waliotoka kuvuta sigara wamesimama kwenye mstari wakinyoosha vidole. Sigara mbili tatu zilianguka. Sevasti alipita mdomo wa bandari kwa kasi ambayo hajawahi kumruhusu mwanafunzi yeyote kuitumia karibu na mawe, akaiangusha tiara kwenye kijiufuo, akaruka, akakanyaga jiwe lenye ncha na kujichana mguu. Hakusimama kuuangalia.

Askari wa bandari ndiye aliyemfikia wa kwanza. Naye alikuwa mgeni mwalikwa, amevaa suti, na alikuwa ndiye aliyepokea amri ya kufunga bandari asubuhi ile. Alimtazama Sevasti kuanzia vazi la mpira mpaka mguu unaotoa damu.

"Amri inasema hakuna chombo kitakachoingia," alisema. "Mimi sijaona chombo. Pita."

Fotini alikuwa kwenye benchi lake ukutani, mweupe usoni, mikono ameikunja mapajani. Alipomwona aliinuka nusu, akakumbuka desturi, akakaa tena. Sevasti alimwekea mkono wenye maji begani, akamwachia alama kwenye gauni, akaingia ndani.

Padri Anthimos, Mungu ambariki, alikuwa amesoma polepole. Alikuwa amesoma zile sala za kumfukuza Shetani mara mbili nzima, akijifanya miwani inamsumbua, mpaka wazee wa mstari wa mbele walikuwa wameanza kusinzia. Lakini hata polepole ina mwisho wake. Stamatia alikuwa ameshasimama karibu na birika, mtoto mikononi, mkufu wa dhahabu kifuani. Aligeuka aliposikia miguu yenye maji kwenye vigae.

"Umechelewa, binti," alisema.

"Hajachelewa," padri alisema haraka. "Jina bado."

Stamatia alimkumbatia mtoto kifuani. Alisema msichana huyu atamlowesha mtoto. Padri akamjibu kwamba mtoto mwenyewe anakwenda kutumbukizwa majini mara tatu, kwa hiyo tatizo hilo si kubwa. Watu wakacheka chini chini. Basi wakapatana kwamba bibi aendelee kumshika mpaka mama wa ubatizo akaushwe mikono, na Sevasti akasimama bega kwa bega naye, akitiririka. Madirisha yalikuwa yakitikiswa na upepo. Padri, ambaye hasikii vizuri hata siku tulivu, aliinua uso.

"Mama wa ubatizo, jina la mtoto?"

Sevasti alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Wiki nzima ya kuwapigia kelele wanafunzi, chumvi yote ile aliyoinywa, matusi yote aliyoutukana meltemi, vilikuwa vimemaliza koo lake. Ilitoka pumzi tu, na ndani ya pumzi hiyo jina ambalo halikufika hata kwenye birika. Padri akainama mbele, akaweka mkono sikioni. Watu wakanyoosha shingo. Sevasti akajaribu mara ya tatu, machozi yakimtoka, na aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia alikuwa mtu mmoja peke yake kanisa zima.

"Amesemaje?" padri aliuliza.

Macho yote yakamgeukia Stamatia.

Sevasti aliona kila kitu kwa wakati mmoja. Neno moja tu, na yule mtoto angekuwa Stamatia mpaka kaburini. Angeweza kutikisa kichwa, angeweza kurusha mikono, lakini jina likishatamkwa mbele ya birika limetamkwa, na nani angemwamini mwanamke aliyelowa asiye na sauti dhidi ya bibi wa nyumba? Amevuka bahari yote ile, na sasa kinywa kilichobaki ni cha huyu.

Stamatia aliangalia chini, kwenye vigae, ambako damu ya mguu wa Sevasti ilikuwa ikichanganyika na maji ya bahari. Akaangalia ule mfuko mgongoni. Akaangalia mlango uliokuwa wazi, na nyuma ya mlango ule bahari nyeupe.

"Umekuja juu ya maji yale?" aliuliza, taratibu, kama wako wawili tu.

Sevasti akaitikia kwa kichwa.

"Kwa ajili ya jina?"

Akaitikia tena.

Stamatia alimpandisha mtoto begani, akamweka sawa. Uso wake mgumu ulikuwa ukibadilika, midomo ikibanwa na kuachiliwa. "Mimi walinileta hapa kuolewa siku kama hii," alisema. "Nilitapika njia nzima. Nikangoja, nikangoja tena, na kwetu hakuna hata mmoja aliyevuka kunifuata." Alivuta pumzi. "Hata mmoja, binti."

Halafu akamgeukia padri, akatoa ile sauti ambayo kwao Krete huwaitia mbuzi kutoka bonde la pili.

"Kaliopi!" alisema. "Mama wa ubatizo amesema Kaliopi. Mtoto anaitwa Kaliopi."

Padri akarudia jina, kanisa likarudia, na wazee waliosinzia wakaamka wakarudia bila kujua kilichotokea. Sevasti alimpokea mtoto, akaifungua chupa ya mafuta, na vidole vyake vilivyokufa ganzi vikampaka yule mdogo kichwa, kifua na miguu, jinsi inavyopasa. Padri akamtumbukiza mara tatu. Mtoto alipiga kelele za hasira, kelele zenye afya, na kila mtu akakubali kwamba angalau sauti ipo katika familia.

Hakuna aliyetoka kumletea Fotini jina. Hapakuwa na haja, alikuwa amelisikia kupitia ukutani, na alikuwa amelisikia kwa sauti ya mama mkwe wake. Alisimama mlangoni, hajaitwa, ameivunja desturi mbele ya watu wote, na Markos akasogea kando kumpisha. Stamatia alimchukua mtoto kutoka kwa Sevasti, amefungwa nguo nyeupe zilizovuka bahari, akatembea naye mpaka mlangoni. Akampa Fotini mikononi.

"Haya," alimwambia Fotini. "Mshike mama yako."